Jinsi ya Kusoma Grafu na Chati: Anza na Maandishi, Umbo Lifuate

Mwaka 1786 Mskoti mmoja, William Playfair, alichapisha kitabu chenye michoro 44 ya biashara na fedha. Katika michoro 43 alichora mistari inayopanda na kushuka mwaka baada ya mwaka. Ilipofika zamu ya Uskoti akakwama, kwa sababu takwimu alizopata zilikuwa za mwaka mmoja tu, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781, na nukta moja haichori mstari. Basi akachora pau: kwa kila sehemu kati ya 17 zilizofanya biashara na Uskoti, pau moja ya bidhaa zilizoingia na moja ya zilizotoka. Mwenyewe aliuona mchoro huo dhaifu kuliko mingine yote, maana haukuwa na wakati ndani yake. Ndiyo chati ya pau tunayoikuta leo kila tunapogeuza macho.

Napenda kuanzia hapo ninapofundisha, kwa sababu kisa hicho kinaonesha grafu inatoka wapi. Aina ya grafu haichaguliwi kwa uzuri. Inatokana na takwimu zilizopo na swali linaloulizwa. Mstari huuliza "kimebadilikaje?", pau huuliza "kipi kikubwa?", duara huuliza "kila kipande ni sehemu gani ya kizima?", histogramu huuliza "vipimo vimejikusanya wapi?", na grafu ya mtawanyiko huuliza "je, hivi viwili vinakwenda pamoja?" Ukilijua swali, nusu ya kazi ya kusoma imekwisha.

Nusu nyingine ni subira. Kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni macho kukimbilia umbo: mstari unapanda, basi mambo yamezidi, pau hii ndefu, basi hii imeshinda. Umbo lisome mwishoni.

Hatua ya kwanza: soma kilichoandikwa kabla ya kilichochorwa

Funika mchoro kwa kiganja, uache maandishi tu. Anza na kichwa. Kinataja kitu gani, cha mahali gani, cha kipindi gani? "Ajali za barabarani" na "ajali za barabarani kwa kila watu 100,000" ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza itaifanya nchi yenye watu wengi ionekane ya hatari kwa sababu tu watu wake ni wengi. Ya pili inalinganisha hatari yenyewe.

Nenda kwenye mihimili. Mhimili mlalo kwa kawaida hubeba kile kinachojiendea chenyewe au alichokichagua mpimaji: muda, umri, joto, majina ya makundi. Mhimili wima hubeba kilichopimwa. Soma jina la kila mhimili pamoja na kizio chake, na uwe macho na neno dogo linalosimama pembeni kama "maelfu" au "milioni". Pau inayofika 45 kwenye mhimili ulioandikwa "maelfu" inasema 45,000.

Sasa skeli, na hapa nakusihi usiende haraka. Tafuta namba mbili zinazofuatana kwenye mhimili, hesabu nafasi zilizopo kati yake, kisha gawanya tofauti kwa idadi ya nafasi. Tuseme umeona 200 na 300, na kati yake kuna nafasi 5. Tofauti ni 100, kwa hiyo kila nafasi ni 20. Nukta iliyokaa kwenye mstari mdogo wa tatu juu ya 200 inasoma 260. Wanafunzi wengi huandika 230, kwa sababu mazoea yamewafundisha kuwa mstari mdogo ni 10. Andika pembeni kwa penseli "nafasi 1 = 20" kabla hujasoma nukta yoyote, na kosa hilo litakuepuka. Nukta ikiangukia katikati ya mistari miwili, kadiria, kisha tumia neno "takriban" katika jibu lako. Grafu haiwezi kukupa usahihi kuliko ule iliochorwa nao.

Ukishajua skeli, tazama mhimili unaanzia wapi. Unaanza na 0? Umeanza na 80? Kuna alama ya zigizaga chini, inayoonesha kuwa sehemu ya mhimili imerukwa? Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo msomaji anapodanganyika kirahisi zaidi. Malizia kwa ufunguo, yaani kile kisanduku kinachoeleza rangi au mtindo wa mistari, na kwa chanzo cha takwimu na tarehe yake.

Haya yote huchukua dakika moja. Baada ya hapo ondoa kiganja.

Grafu ya mstari: soma mwinuko, usiishie kwenye urefu

Kwenye grafu ya mstari, urefu wa nukta unakuambia kiasi, na mwinuko wa mstari unakuambia kasi ya mabadiliko. Ni habari mbili tofauti, na ya pili ndiyo yenye utajiri.

Mfano mzuri ni grafu ya hewa ya ukaa iliyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Vipimo vya mwanzo vilikuwa takriban sehemu 315 kwa kila milioni ya hewa. Mwaka 2013 vipimo vya siku vilivuka 400 kwa mara ya kwanza. Ukiitazama kwa karibu, mstari una meno kama ya msumeno: kila mwaka hufika kilele karibu na mwezi Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba, kwa sababu mimea mingi ya nusu ya kaskazini ya dunia hufyonza hewa hiyo inapokua wakati wa kiangazi cha huko. Ukirudi nyuma hatua mbili, meno yanapotea na unaona mwelekeo mmoja tu: juu.

Kwa hiyo grafu ya mstari isome mara mbili, kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali. Mtu aliyeikata grafu ya Keeling kuanzia Mei hadi Septemba ya mwaka wowote angeweza kukuonesha hewa ya ukaa "ikipungua", na kila nukta yake ingekuwa ya kweli. Ndiyo maana unapopewa grafu ya kipindi kifupi, uliza kilichotangulia na kilichofuata.

Kisha pima mwinuko wenyewe. Chagua nukta mbili, toa kiasi cha kwanza kwenye cha pili, gawanya kwa muda uliopita. Katika miaka ya 1960 grafu hiyo ilipanda kwa chini ya sehemu 1 kwa mwaka; katika miaka ya 2010 ilipanda kwa zaidi ya 2. Yaani mstari haupandi tu, unazidi kusimama wima. Habari hiyo huipati kwa kusoma nukta moja moja.

Mwinuko ndio pia unaowachanganya wanafunzi kwenye grafu za safari. Tuseme mwendesha baiskeli ameondoka nyumbani; mhimili mlalo ni muda kwa dakika, mhimili wima ni umbali kutoka nyumbani. Mstari unapanda hadi kilomita 6 kwenye dakika ya 20, unalala bapa hadi dakika ya 30, kisha unashuka hadi 0 kwenye dakika ya 60. Ukiuliza darasani nini kimetokea, wapo watakaosema alipanda mlima, akafika kileleni, akateremka. Wameisoma grafu kama picha. Kilichotokea ni kwamba alikwenda kilomita 6 kwa dakika 20, sawa na kilomita 18 kwa saa, akasimama dakika 10, kisha akarudi nyumbani kilomita zile zile 6 kwa dakika 30, sawa na kilomita 12 kwa saa. Mstari unaolala bapa ni mtu aliyesimama.

Badilisha sasa jina la mhimili wima liwe "kasi", umbo libaki lile lile. Kila kitu kimegeuka. Mstari bapa ni mtu anayekwenda kwa kasi isiyobadilika, mstari unaoshuka ni mtu anayepunguza kasi huku bado anasonga mbele, na umbali aliosafiri unaupata kwa kukokotoa eneo lililo chini ya mstari. Umbo moja, hadithi mbili, na tofauti yote imo katika neno moja kwenye mhimili.

Kuna grafu za mistari zenye mihimili miwili ya wima, mmoja kushoto na mwingine kulia, kila mmoja na skeli yake. Zisome kwa hadhari kubwa. Mistari miwili inapokatana kwenye grafu ya namna hiyo, mkatano huo hauna maana yoyote. Mchoraji angebadilisha skeli moja tu na ungehamia mahali pengine au kutoweka. Binafsi naona ni heri kuchora grafu mbili, moja juu ya nyingine.

Chati ya pau: tafuta sifuri

Jicho likitazama pau hulinganisha urefu wake wote, tangu chini. Kwa hiyo mhimili wa pau lazima uanze na 0. Chukua pau mbili, moja ya 92 na nyingine ya 96. Mhimili ukianza na 0, zinakaribia kulingana. Mhimili ukianza na 90, ya kwanza ina urefu wa 2 na ya pili urefu wa 6: macho yanaambiwa ya pili ni mara tatu ya kwanza, ilhali imezidi kwa asilimia 4 na kidogo. Ukikutana na chati kama hiyo, soma namba na uache kuangalia pau.

Sheria hii haiibani grafu ya mstari. Kwenye mstari tunasoma mwinuko, na joto la mwili lililochorwa kuanzia 0 lingeonekana bapa hata kwa mgonjwa wa homa kali.

Pau zilizopangwa juu kwa juu, kila rangi ikiwa kundi, zina ugumu wake. Rangi ya chini kabisa inasomeka vizuri kwa sababu pau zote zinaanzia mstari mmoja. Rangi za juu zinaelea, kila moja na mwanzo wake, kwa hiyo lazima utoe: soma ukingo wa juu wa rangi, soma ukingo wake wa chini, toa. Rangi inayoanza 35 na kuishia 80 ni 45, si 80.

Jihadhari pia na chati zinazotumia picha badala ya pau. Mchoraji akitaka kuonesha kiasi kimeongezeka mara mbili, akachora picha yenye urefu mara mbili na upana mara mbili, eneo lake limekuwa mara nne, na jicho huona eneo.

Chati duara: uliza kizima ni kipi

Playfair huyo huyo ndiye aliyetuletea chati duara, mwaka 1801. Hesabu yake ni nyepesi: duara zima ni nyuzi 360, kwa hiyo asilimia 1 ni nyuzi 3.6. Kipande cha nyuzi 90 ni robo. Ikiwa duara linawakilisha watu 240, kipande hicho ni watu 60. Vipande vyote vijumlishe hadi 100. Vikizidi, huenda watu waliruhusiwa kuchagua jibu zaidi ya moja, na hapo duara halikustahili kutumika.

Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonesha kuwa watu hulinganisha nafasi kwenye skeli moja kwa usahihi zaidi kuliko wanavyolinganisha pembe au maeneo. Ndiyo sababu vipande vya asilimia 22 na 25 vinakutatiza kwenye duara, lakini vikiwa pau unaviona mara moja. Na ukiwekewa maduara mawili bega kwa bega, usilinganishe vipande kabla hujajua jumla ya kila duara: asilimia 30 ya watu 200 ni watu 60, asilimia 20 ya watu 900 ni watu 180.

Histogramu: pau zinazogusana

Histogramu hufanana na chati ya pau, na kufanana huko kumeponza wengi. Kwenye chati ya pau kila pau ni kitu chenye jina lake, na ukizipanga upya hakuna kinachoharibika. Kwenye histogramu mhimili mlalo ni namba zinazofuatana, zilizokatwa vipande, na pau hugusana kwa sababu kipande kimoja kinapoishia ndipo kingine kinapoanzia. Huwezi kuzipanga upya, kama usivyoweza kuweka umri wa miaka 50 kabla ya 20.

Kiasi kwenye histogramu kimo ndani ya eneo la pau. Vipande vikiwa na upana sawa, urefu peke yake unatosha. Vikitofautiana, lazima uzidishe. Tuseme kundi la umri wa miaka 0 hadi 10 lina watu 20, na la miaka 10 hadi 40 lina watu 30. Pau ya kwanza itasimama kwenye 2, kwa kuwa 20 gawanya kwa 10 ni watu 2 kwa kila mwaka wa umri. Ya pili itasimama kwenye 1, kwa kuwa 30 gawanya kwa 30 ni 1. Pau fupi ndiyo yenye watu wengi zaidi. Ukiona mhimili wima umeandikwa "msongamano" badala ya "idadi", hiyo ndiyo ishara ya kuzidisha urefu kwa upana.

Baada ya hapo tazama umbo. Kilima kimoja katikati? Mkia mrefu upande mmoja? Vilima viwili? Vilima viwili ndivyo vinavyonifurahisha zaidi, maana karibu kila mara vinakuambia kuwa makundi mawili yamechanganywa. Chemchemi ya maji moto ya Old Faithful, katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, hurusha maji juu mara nyingi kwa siku. Ukichora histogramu ya muda wa kila mruko unapata kilima kimoja karibu na dakika 2 na kingine kikubwa zaidi baada ya dakika 4. Wastani unaangukia karibu na dakika 3 na nusu, kwenye bonde katikati ya vilima, mahali ambapo miruko ni michache. Aliyeambiwa wastani peke yake ameambiwa habari ya mruko ambao ni nadra kutokea.

Chati ya kisanduku

Hii iliyopewa umaarufu na Mmarekani John Tukey huwatisha watu, lakini ina namba tano tu. Panga vipimo vyote kuanzia kidogo hadi kikubwa. Mstari ndani ya kisanduku ni kipimo cha katikati kabisa: nusu ya vipimo viko chini yake, nusu juu yake. Kingo mbili za kisanduku ni mahali pa robo ya kwanza na robo ya tatu. Mistari inayochomoza nje hufika kwenye kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa, isipokuwa kwa vile vilivyo mbali mno, ambavyo huoneshwa kama nukta pekee. Kanuni iliyozoeleka ya "mbali mno" ni zaidi ya mara 1.5 ya urefu wa kisanduku kutoka ukingoni. Kisanduku cha 40 hadi 60 kina urefu wa 20, mara 1.5 ni 30. Kwa hiyo kipimo kilicho juu ya 90 au chini ya 10 kitachorwa kama nukta.

Kosa lililoenea ni kudhani upande mpana wa kisanduku una watu wengi. Kila robo ina idadi ile ile. Upande mpana una watu waliotawanyika, upande mwembamba una watu waliobanana.

Piramidi ya umri

Ni histogramu mbili zilizolazwa mgongo kwa mgongo, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, watoto chini na wazee juu. Kitako kipana kinasema vizazi ni vingi. Kiuno chembamba chini kinasema vizazi vimepungua. Lakini soma pia mapengo. Piramidi ya Japani ina pengo kama jino lililong'oka kwenye waliozaliwa 1966, mwaka ambao kwa imani ya zamani ya kalenda yao ulihesabiwa kuwa wa nuksi kwa mtoto wa kike kuzaliwa. Vizazi vilishuka kwa takriban robo, na mwaka uliofuata vikarudi juu. Pengo hilo hupanda ngazi moja kila mwaka pamoja na watu wake.

Skeli ya logi: nafasi sawa, kuzidisha sawa

Mwaka 2020 mamilioni ya watu walikutana kwa mara ya kwanza na grafu za ugonjwa zenye mhimili wima uliosoma 10, 100, 1,000, 10,000, namba zote zikiwa na nafasi sawa kati yake. Kwenye skeli ya kawaida kila nafasi huongeza kiasi kile kile. Kwenye skeli ya logi kila nafasi huzidisha kwa kiasi kile kile, hapa kwa 10.

Mambo matatu yanabadilika. Katikati ya 10 na 100 si 55 bali ni takriban 32. Mstari ulionyooka unaopanda maana yake ni ongezeko la kuzidishana, kama ugonjwa unaoongezeka maradufu kila baada ya siku kadhaa, na mstari ukianza kulala haimaanishi kuwa wagonjwa wapya wamekwisha: kasi ya kuzidishana ndiyo imepungua. Na tofauti kubwa za juu huonekana ndogo, kwani umbali kutoka 1,000 hadi 10,000 umechorwa sawa na ule wa kutoka 10 hadi 100. Ukubwa wa matetemeko ya ardhi hupimwa kwa namna hii: kutoka 6 hadi 7 mtikisiko unaorekodiwa huwa mara 10, na nishati inayotoka huwa takriban mara 32.

Hatua ya pili: sema ulichokisoma kwa sentensi

Usiondoke kwenye grafu kabla hujaandika sentensi tatu. Ya kwanza inasoma thamani moja: "Mwaka fulani kiwango kilikuwa asilimia 4." Ya pili inalinganisha: "Miaka kumi baadaye kilikuwa asilimia 6." Ya tatu inaeleza maana, na hapo ndipo pa kuchunga ulimi. Kutoka asilimia 4 hadi 6 ni ongezeko la pointi 2 za asilimia, na ni ongezeko la asilimia 50 ya kiwango cha awali. Kauli zote mbili ni sahihi, ila anayetaka kukutisha atatumia ya pili na anayetaka kukutuliza atatumia ya kwanza. Wewe andika zote mbili. Na sentensi yako ya tatu ikiwa na neno "kwa sababu", rudi uangalie: je, sababu hiyo imo kwenye grafu, au umeileta wewe?

Hatua ya tatu: mtawanyiko, na nukta zisizochorwa

Nimeiacha grafu ya mtawanyiko mwisho kwa makusudi. Kila nukta ni kitu kimoja kilichopimwa mara mbili, kipimo kimoja kwenye kila mhimili. Tazama mwelekeo wa wingu la nukta: likipanda kulia, vipimo viwili vinakua pamoja, likishuka, kimoja kinakua kingine kikipungua, likiwa limesambaa bila mwelekeo, havihusiani kwa namna inayoonekana hapo. Tazama pia wembamba wake, maana wingu jembamba ni uhusiano wenye nguvu. Kisha tafuta nukta zilizojitenga, na uulize kama ni kosa la kupima au ni habari. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga makundi manne ya takwimu yenye wastani ule ule, kipimo kile kile cha nguvu ya uhusiano, takriban 0.82 (1 ni uhusiano kamili), na mstari ule ule wa makadirio, yaani mstari unaopita karibu zaidi na nukta zote. Yalipochorwa, moja lilikuwa wingu la kawaida, la pili upinde, la tatu mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na la nne nukta zilizosimama wima pamoja na moja iliyo mbali. Hesabu peke yake isingekuambia.

Vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kuwa kimoja kinasababisha kingine. Mara nyingi kuna cha tatu kinachovuta vyote viwili: watoto wenye viatu vikubwa husoma vizuri zaidi kwa sababu ni wakubwa kwa umri.

Swali gumu kuliko yote ni kuhusu nukta ambazo hazimo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi huko Marekani walikuwa na wasiwasi kuhusu kurusha chombo cha anga cha Challenger katika baridi. Walihofia pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zake. Katika kujadili kama baridi huziharibu, walizitazama safari za nyuma zilizokuwa na hitilafu kwenye pete, nazo zilikuwa 7. Nyingine ilitokea kwenye takriban nyuzi 12 za Selsiasi, nyingine kwenye takriban nyuzi 24. Kwa nukta hizo 7, joto halikuonekana kuwa na uhusiano wowote na hitilafu.

Safari ambazo hazikuwa na hitilafu hazikuhesabiwa, kwa kuwa zilionekana hazina la kusema. Chombo kikarushwa, nacho kikasambaratika angani. Tume iliyochunguza ajali hiyo iliziongeza safari hizo. Kati ya safari 20 zilizofanyika kwenye takriban nyuzi 19 au zaidi, 3 tu zilikuwa na hitilafu. Zilizofanyika chini ya nyuzi 18 zilikuwa 4, na zote 4 zilikuwa nayo. Asubuhi ile Challenger iliporuka na watu 7 ndani yake, joto lilikuwa takriban nyuzi 2.